Niliagiza lori jipya kwa vipimo vyangu Oktoba, sasa ni Juni na wakala ananipa jingine lililopo yadi: nipokee au niendelee kusubiri?

#1 Mbeba Shehena wa Mbalizi

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa waliowahi kuagiza lori jipya kabisa, si la mtumba.

Oktoba 2023 niliagiza kichwa kimoja, yaani lori la kuvuta tela, kupitia wakala wa chapa ya Ulaya aliyeko Dar es Salaam. Yadi yake ilikuwa na vichwa vilivyo tayari, lakini sikuvitaka, kwa sababu kwa miaka kumi na moja nimefanya kazi na malori ya mtumba na nimechoka kurithi maamuzi ya mtu mwingine: difu (gia za mhimili wa nyuma) iliyochaguliwa kwa barabara tambarare, tangi moja la mafuta, kebini ambayo dereva analala amekunja magoti. Kwa hiyo nilikaa na muuzaji karibu siku nzima tukichagua kitu kimoja kimoja. Nilichukua dabo difu (mihimili miwili ya nyuma inayosukuma), nguvu za farasi 460, uwiano wa difu wa kupandia milima, springi za chuma nyuma badala ya mifuko ya hewa, matangi mawili na kebini ya vitanda viwili. Nililipa asilimia 30, na mkataba unasema lori litafika kati ya miezi minne na mitano kulingana na ratiba ya kiwanda.

Leo ni wiki ya kwanza ya Juni 2024. Kila ninapopiga simu napewa sababu mpya: mwanzoni ilikuwa kiwanda, halafu vita ya Bahari ya Shamu, halafu uhaba wa meli. Wiki iliyopita muuzaji alinipigia kunieleza kwamba lipo jingine yadi ambalo mteja wake alijitoa. Hilo lina farasi 410, uwiano mdogo wa difu na tangi moja, na anaweza kunikabidhi ndani ya siku kumi kwa bei iliyopunguzwa kidogo. Tela nilikwisha kulinunua, limeegeshwa Mbalizi tangu Januari, na riba ya benki inatembea kila mwezi.

Ninataka kubeba tani 56 kamili kihalali kwenda Lubumbashi na kurudi na shaba. Nini hasa huchelewesha maagizo haya, na ninyi mngekuwa mimi mngefanya nini?

#2 Kipara cha Vigwaza

Pole sana, mkuu. Kwa maoni yangu lori lako lilifika zamani na alipewa mwenye kampuni kubwa anayenunua thelathini kwa mkupuo. Mnunuzi wa kimoja ndiye husubirishwa siku zote.

#3 Aliyewahi Kuuza

Nilifanya kazi ya mauzo kwa wakala mmoja wa malori kwa miaka sita, na sitamtaja. Anachosema #2 kinawezekana, lakini kabla ya kumtuhumu mtu ni vizuri kuelewa agizo linavyosafiri.

Unapomaliza kuchagua vipimo, muuzaji huviingiza kwenye mfumo wa kiwanda, na kila chaguo lina namba yake. Hapo bado huna lori. Una ombi tu. Wakala hugawiwa nafasi za uzalishaji, na ombi lako hugeuka kuwa agizo pale anapoliwekea mojawapo ya nafasi hizo na kiwanda kuthibitisha kwa maandishi. Baadaye inakuja tarehe ya kufunga vipimo, ambayo baada yake huwezi kubadilisha hata rangi. Kisha linapangiwa wiki ya kuundwa, linaundwa, linapelekwa bandarini na kupakiwa kwenye meli ya magari. Likishuka kuna forodha, usajili, na ukaguzi wa wakala kabla ya makabidhiano.

Mkuu #1, usiulize tena lori litafika lini, kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa matumaini. Uliza mambo matatu yenye karatasi: tarehe ambayo kiwanda kilithibitisha agizo, wiki ya kuundwa, na namba ya chesi. Wapo wateja niliowaona wakihesabu miezi tangu siku waliyolipa, wakati ombi lao lilikaa wiki kumi bila nafasi. Nimeona pia agizo likisimama kwa ajili ya kifaa kimoja tu, kwa kuwa kiwanda hakianzi kuunda lori ambalo sehemu yake moja haijapatikana.

#4 Mtoto wa Kurasini

Nafanya kazi za bandarini. Sababu ya Bahari ya Shamu si ya kubuni. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader, na ile haikuwa meli ya makontena wala ya mafuta; ilikuwa meli ya kubebea magari, ya aina ileile inayoleta malori. Baada ya hapo kampuni nyingi ziliacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Mwenye mzigo unaotoka Antwerp au Bremerhaven kuja kwetu ameumia.

#5 Mama Tela

Ndugu #4, nakubali kuhusu meli, lakini tupime uzito wa sababu. Kuzunguka Rasi kutoka Ulaya hadi Dar es Salaam kunaongeza kama wiki moja ya safari, labda na zaidi kidogo. Hakuongezi miezi mitatu. Tena agizo la Oktoba lenye ahadi ya miezi minne lilipaswa kuwa limeundwa kufikia Januari.

Mimi naangalia zaidi upande wa fedha. Mwaka jana na mwaka huu dola zimekuwa ngumu kupatikana Tanzania. Mteja analipa shilingi, wakala anapaswa kulipa nje kwa fedha za kigeni, na benki inampanga foleni. Agizo linaweza kukaa bila kuthibitishwa kwa sababu ya malipo tu, na hakuna muuzaji atakayekwambia hivyo, kwani anaogopa utaondoa amana yako.

#6 Fundi Ilula

Wakuu, tusiache suala la difu, kwa maana ndilo litakaloishi na ndugu yetu miaka kumi baada ya kuchelewa huku kusahauliwa. Uwiano wa difu ukiwa mkubwa, injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, hivyo lori linavuta vizuri mlimani lakini linatumia mafuta zaidi kwenye tambarare. Ukiwa mdogo, mambo yanageuka. Lori la yadi lenye farasi 410 na uwiano mdogo, likiwa na mzigo kamili, litapanda mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, kwa gia za chini kabisa huku klachi ikiteseka kila msongamano unapolazimisha kusimama na kuanza upya kwenye kona. Nimefungua klachi nyingi za namna hiyo. Usilichukue.

#7 Kondakta Mstaafu

Fundi, kila uzi wa malori ukikugusa unaishia Kitonga, na leo naona umefika mapema. Lakini kumbuka kwamba mzigo mzito wa shaba unatoka Kongo kuja bandarini, kwa hiyo Kitonga unaushuka, hauupandi. Ningemuuliza #1 kama aliagiza ritada, ile breki ya ziada ya kwenye gia inayopunguza mwendo bila kuchosha breki za matairi. Injini kubwa humsaidia anayepanda, na ritada ndiyo inayomrudisha dereva nyumbani.

#8 Fundi Ilula

Sahihi kabisa kuhusu shaba, na nashukuru kwa kunirekebisha. Hata hivyo lori halipandi tupu. Linapanda na mafuta, mbolea au mashine. Ritada naiunga mkono kwa mikono miwili.

#9 Mizani ya Mikese

Naomba kurekebisha hesabu ya #1 kuhusu tani 56. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwa mhimili wa mbele wenye matairi mawili, tani 18 kwa mihimili miwili pacha na tani 24 kwa mihimili mitatu ya tela. Dabo difu yenye tela la mihimili mitatu inafikia tani 50. Kikomo cha 56 kinahitaji mhimili wa saba.

Jambo hili linahusu agizo moja kwa moja. Tangi la pili la lita 400 likijaa lina kama kilo 340 za dizeli, na kebini kubwa nayo ina uzito wake. Sehemu ya uzito huo inakaa juu ya mhimili wa mbele wenye kikomo cha tani 8, na huwezi kuusogeza kama unavyosogeza magunia. Nimeona lori lenye jumla halali likikwama mizani kwa mhimili mmoja tu.

#10 Mbeba Shehena wa Mbalizi

Asanteni sana. #9, nimeelewa, tela langu ni la mihimili mitatu, kwa hiyo hesabu yangu ni 50. #7, ritada niliiagiza, na ninaposoma tena karatasi ya lori la yadi, halina. Jambo hilo pekee limenipunguzia hamu.

#3, nilifuata ushauri wako na kudai karatasi. Thibitisho la kiwanda na wiki ya kuundwa sijapewa, lakini jana jioni nilitumiwa namba ya chesi. Inaanza na 9B. Herufi ya kumi wanasema ndiyo inayoonyesha mwaka, nitaiangalia.

#11 Aliyewahi Kuuza

Kuna mambo mawili hapa. Kwanza, herufi ya kumi kuwa mwaka ni lazima kwa magari ya Amerika Kaskazini. Watengenezaji wengine hawalazimiki kuitumia hivyo, kwa hiyo usijenge hoja juu yake. Omba tarehe ya kuundwa kwa maandishi, na lori likifika angalia matairi: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka, kwa mfano 0824 ni wiki ya 8 ya mwaka 2024. Mikanda ya usalama nayo huwa na kitambulisho chenye tarehe.

La pili ni kubwa zaidi. Mwanzo wa namba ya chesi unaonyesha nchi: L ni China, J ni Japani, W ni Ujerumani, na 9B ni Brazili. Chapa ni ya Ulaya, lakini lori lako limeundwa Brazili, na hilo halina ubaya wowote, maana chapa zaidi ya moja za Ulaya zina viwanda vikubwa huko, vya miaka mingi. Isipokuwa meli inayotoka Brazili kuja Dar es Salaam haina haja ya kupita Bahari ya Shamu. Inavuka Atlantiki ya Kusini na kupita Rasi, kama ilivyofanya kabla ya vita hiyo.

#12 Kipara cha Vigwaza

Basi nilichosema #2 kimeanza kuonekana. Sababu aliyopewa haikuwa ya kweli.

#13 Mtoto wa Kurasini

Polepole, mkuu. Meli za magari duniani ni chache, na zinazozunguka Rasi zinatumia siku nyingi zaidi kwa kila safari, kwa hiyo nafasi zimepungua kila mahali, hata kwenye njia ambazo hazikuguswa na vita. Kampuni ya meli huipeleka meli kwenye bei nzuri, na bandari yenye malori machache ya kuja kwetu inaweza kurukwa mara mbili mfululizo. Muuzaji aliyesema “Bahari ya Shamu” huenda alirudia alichoambiwa bila kujua hata lori linatoka nchi gani. Huo ni uzembe, lakini uzembe na uongo ni vitu viwili.

#14 Mwenye Kenta wa Voi

Salamu kutoka Kenya. Naona wengi mnadhani tatizo ni umbali, na mimi nina mfano wa kinyume. Kwetu malori mengi mapya huunganishwa nchini, katika viwanda vya Nairobi, Thika na Mombasa. Niliagiza lori la tani 8 likiwa chesi na kebini tu, nikalipata baada ya wiki tano, nikashangilia. Kisha nikalipeleka kwa mjenzi wa bodi ambaye nilimchagua mwenyewe, naye akakaa nalo miezi mitatu kwa madai kwamba vyuma havijafika na fundi wake wa kuchomelea amesafiri. Nilikuwa naliona kupitia geti kila Jumamosi, jipya, linaota vumbi.

Kuhusu alilosema Mama Tela katika #5, jihadharini pia na kipengele cha bei. Mkataba wangu uliruhusu bei kufuata thamani ya dola. Januari mwaka huu dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na kufikia Aprili ilishuka hadi karibu 130. Aliyekamilisha malipo Januari na aliyekamilisha Aprili walinunua lori lilelile kwa bei tofauti sana. Ndugu #1, je, bei yako imefungwa au inaelea?

#15 Mbeba Shehena wa Mbalizi

Inaelea, dada. Sikulitilia maanani wakati ule kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye difu.

#16 Wakili wa Soweto Mbeya

Niseme kidogo upande wa sheria, bila kuuona mkataba wenyewe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ndizo zinazohusika. Swali la kwanza ni kama muda ulikuwa sharti la msingi la mkataba. Maneno “kulingana na ratiba ya kiwanda” yanampa wakala pumzi, lakini hayampi umilele. Pale ambapo tarehe haikufungwa, muuzaji bado anatakiwa kukabidhi ndani ya muda unaoridhisha. Mwandikie barua, si ujumbe wa simu, ukiweka tarehe ya mwisho na kudai thibitisho la kiwanda.

Ukilipokea lori la yadi, hakikisha makubaliano mapya yanaandikwa, ili lisije likahesabiwa kwamba umekubali vipimo vile kama utekelezaji wa agizo lako la Oktoba na kupoteza haki ya kudai chochote.

#17 Papa Katuba

Jambo kwenu, ndugu zangu. Mimi niko Lubumbashi, nina malori mawili. Hakuna aliyeuliza kiwango cha injini, yaani kile cha moshi kinachoitwa Euro. Afrika Mashariki mlihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na injini ya Euro 5 inaweza kuishi huko kwenu vizuri. Lakini lori hili litakunywa mafuta ya upande huu wa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, pia, na mengi ya malori ya Euro 5 yanahitaji maji ya urea, ambayo nimeyakosa njiani zaidi ya mara moja. Niliagiza Euro 3 kwa makusudi, na nilingoja miezi tisa. Wakala aliniambia kwamba kiwanda hukusanya maagizo ya aina hiyo hadi yafikie idadi fulani. Inawezekana hiyo ndiyo sababu ya kaka yetu pia.

#18 Aliyewahi Kuuza

Papa Katuba, hoja nzuri, ingawa sivyo ilivyokuwa kwa chapa niliyoiuza mimi. Tuliunda moja moja kwenye mstari uleule. Wenye kukusanya maagizo nimewasikia, na watu huyasema hayo pia kuhusu usukani wa kulia.

#19 Mhasibu Makambako

Mimi ni wa upande usiopendwa hapa: chukua la yadi. Fundi anahesabu klachi, mimi nahesabu miezi. Tela limekaa miezi mitano bila kuingiza hata shilingi, riba inalipwa, dereva mzuri uliyemwandaa atachukuliwa na mwingine. Lori lenye kasoro linalotembea linalipa mkopo; lori kamili lililo baharini halilipi. Baada ya miaka mitatu utauza na kuagiza lile unalolitaka, ukiwa na mtaji.

#20 Fundi Ilula

Mhasibu, hesabu yako imeacha kitu kimoja. Lori lisilo na ritada, likishuka na shaba kila safari, linakula breki na matairi, na siku breki zikichemka hakuna daftari litakalofidia. Nilikwenda kusaidia kuvuta moja mwaka juzi. Sitaki kusema zaidi.

#21 Mama Tela

Wote wawili mna haki, na ndiyo maana ningeuliza njia ya tatu: wakala akupe lori la kukodi kwa bei nafuu hadi lako lifike. Wenzangu wawili walipewa hivyo kwa barua, baada ya kuomba kwa adabu na kwa msimamo.

#22 Mbeba Shehena wa Mbalizi

Wakuu, nimerudi na taarifa. Niliandika barua kama alivyoelekeza Wakili, nikasafiri hadi Dar es Salaam na kuipeleka mwenyewe. Lori la yadi nimeliona. Ni zuri, lakini matairi yake yana msimbo 3122, maana yake yalitengenezwa katikati ya mwaka 2022, na halina ritada. Nimelikataa kwa maandishi. Ombi la lori la kukodi wamelichukua na wataniita Ijumaa.

Nilipodai karatasi, nilipewa mbili. Thibitisho la kiwanda ni la tarehe 22 Januari, miezi mitatu baada ya malipo yangu. Hati ya shehena inaonyesha lori limepakiwa bandari ya Santos, Brazili, tarehe 27 Mei. Kwa hiyo lipo, na liko njiani. Lakini miezi ile mitatu ya mwanzo, Oktoba hadi Januari, hakuna aliyenieleza ilikwenda wapi. Meneja alisema ni nafasi za kiwanda, mhasibu wake alisema ni fedha za kigeni, na muuzaji wangu alirudia Bahari ya Shamu.

#23 Kipara cha Vigwaza

Na mimi nasema nafasi yako ya Novemba alipewa mwenye thelathini.

#24 Mama Tela

Na mimi nasema ni dola. Mkuu, malizia suala la bei kabla meli haijafika, maana ukisubiri hadi lori liko Dar utakuwa unajadiliana huku unalitazama.

#25 Mtoto wa Kurasini

Niandikie jina la meli faraghani, nitakuangalizia siku inayotarajiwa kutia nanga. Na usimwite dereva Dar es Salaam siku hiyo. Mteja wa mwisho niliyemsaidia alisubiri siku ishirini na tatu kutoka lori kushuka gatini hadi kupata namba za usajili. Bima kubwa na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) anza kuziandaa sasa.